Picha imejaa, macho hayana pa kutua

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni binti wa Langoni, Lamu. Nachora kwa rangi za akriliki juu ya mbao za majahazi makuukuu, na mjomba wangu huniuzia dukani kwake karibu na gati. Kuna picha moja kubwa niliyoihangaikia sana: jahazi limetweka tanga, jua linazama baharini, kuna ngome, minazi, punda watatu, mwanamke aliyevaa buibui, na mlango wa nakshi upande wa kulia. Watu wanasema kila kitu kimechorwa vizuri, lakini wanaitupia jicho kisha wanapita. Mgeni mmoja aliniambia macho yake hayajui yatue wapi. Nikashauriwa nisome kanuni za usanifu wa picha. Nimezisoma: mizani, ukinzani, msisitizo, mdundo, uwiano, umoja. Nimezikariri zote, ila nikishika brashi sijui nianzie wapi. Jambo la pili: nikichukua nakshi za mlango wa jirani, au picha niliyoiona kwenye intaneti, je, kazi bado ni yangu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Picha uliyoambatisha nimeitazama, na wanaokusifu mkono hawakudanganyi. Punda wako wamesimama kwa kwato zao, jambo ambalo wachoraji wengi wa hapa pwani hulikwepa kwa kuwafunika miguu kwa nyasi, kana kwamba Lamu ni mbuga. Kamba za jahazi zimefungwa panapofungwa. Kwa hiyo suala la kuchora tuliweke kando, hilo unalimudu. Kinachokusumbua ni kwamba umealika wageni rasmi saba na wote umewakalisha kiti cha mbele.

Zile kanuni hukuzielewa vibaya. Tatizo liko kwa namna zinavyofundishwa: hupangwa kama masharti sita, mtu akapitia moja baada ya jingine akitia alama ya vema. Hakuna mchoraji anayefanya kazi hivyo. Zote sita ni njia za kujibu swali moja tu: mtu akisimama mbele ya ubao huu, aone nini kwanza, aone nini baadaye, na nini asikione mpaka asogee karibu? Ukishakata shauri hapo, mizani, ukinzani na mdundo vinakuwa vifaa vya kazi. Usipokata shauri, hata ukizitimiza zote sita utaambiwa yaleyale.

Basi anza na karatasi, ubao uuache. Andika sentensi moja inayoanza na maneno "Picha hii ni ya", kisha ujaze kitu kimoja. Usijaze "Lamu", maana Lamu ni vitu elfu. "Jahazi linalorudi jioni" ni kitu kimoja. "Mwanamke anayebisha mlangoni" ni kitu kimoja. Kwa jinsi nilivyoiona kazi yako, moyo wako uko kwenye jahazi, kwani ndilo pekee lililochorwa na mtu anayelijua tangu omo la mbele hadi tezi la nyuma. Nitajibu nikichukulia kwamba jahazi ndilo mkubwa wa picha. Kama wewe mkubwa wako ni mlango, mfano utageuka lakini kazi ni ileile.

Kwanza tulimalize la jua. Umelizamisha baharini nyuma ya jahazi, na anayetazama amesimama gatini. Mwanangu, wewe ni mtu wa Langoni. Mji wa Lamu umeelekea mashariki, na ng'ambo yake ni kisiwa cha Manda. Jua huchomoza upande wa Manda likazama nyuma ya nyumba zenu. Hata huku kwetu Malindi, bahari ni ya macheo. Jua la kuzama majini limekuja kutoka picha za pwani za kwingine, likakaa kichwani mwako bila hodi. Mchoraji ana ruhusa ya kulipeleka jua atakako, kwa hiyo si jiografia ninayoigombania. Ninachosema ni kwamba ukweli wa mahali ulipo ungekupa picha nzuri kuliko hiyo, tena isiyokwisha kuchorwa na kila mtu.

Kaa gatini alasiri inayoelekea magharibi, utazame. Jua liko mgongoni kwako, nyuma ya mji. Nyumba za pwani zimeshatupa kivuli chao majini, kwa hiyo maji ya karibu ni meusi meusi, yamepoa. Kule katikati ya mkondo kivuli hakijafika, na chombo kinachopita huko tanga lake bado linapigwa na jua, linawaka. Nyuma ya tanga ni mikoko ya Manda, ukanda mrefu wa kijani kilichokolea hadi kukaribia weusi. Yaani kitu cheupe kuliko vyote kimekaa mbele ya kitu cheusi kuliko vyote, bila wewe kubuni chochote. Rudi asubuhi, utakuta kila kitu kimepinduka: tanga likiwa kinyume na jua linaonekana jeusi, na nyuso za nyumba za pwani ndizo zinazong'aa. Una picha mbili kutoka mahali pamoja, na katika zote mbili hakuna jua lenyewe. Wala halihitajiki. Duara la machungwa mbinguni ni mgeni asiyekubali kukaa nyuma.

Hapo ndipo ilipo kanuni ninayoitanguliza mbele ya zote, ukinzani wa mwanga na giza. Rangi tuisahau kwa muda. Jicho hukimbilia pale ambapo cheupe sana kimegusana na cheusi sana, kabla hata halijajua kama linatazama tanga au shati. Nilichukua picha yako nikaiondoa rangi kwenye simu, ikabaki nyeusi na nyeupe. Fanya hivyo hivyo uone. Jua lako la machungwa, mlango wako wa hudhurungi, minazi yako ya kijani, vyote vimegeuka kijivu kimoja. Tanga, ambalo bila shaka unaliwaza kuwa jeupe, umelitia kivuli cha urujuani kidogo kidogo hadi limelingana na mbingu. Na sehemu nyeupe kuliko zote katika ubao mzima, mwanangu, ni tumbo la punda wa pili. Yule mgeni hakukosea. Ulimpeleka kwa punda, akafika, akakuta punda hana la kumwambia.

Simu si lazima. Wachoraji hufinya macho. Ukiyafinya hadi kope zikaribie kugusana, vitu vidogo vidogo hupotea, yakabaki madoa makubwa ya giza na mwanga. Uzuri wa picha unaamuliwa na yale madoa. Kamba, kwato na misumari huja baadaye, na havitaokoa madoa yaliyokaa vibaya.

Ukitaka ushahidi wa nyumbani, kitoe kisutu cha mama kabatini. Rangi ni tatu tu, nyeusi, nyekundu na nyeupe, na mtu aliyekaa mwisho wa ukumbi wa arusi anakitambua. Kipige picha isiyo na rangi: mpangilio bado unasomeka, kwa sababu weupe wake umepewa giza la kuuzunguka. Kanga nyingine yenye rangi saba za kupendeza, zote za ukolevu mmoja, ukirudi nyuma hatua kumi unaona vurugu. Wabunifu wa kanga wanajua pia jambo la pili. Pindo huzunguka pande zote nne ili jicho libaki ndani, mji, yaani uwanja wa ndani, hukaa katikati, na jina, yaani yale maneno, hupewa nafasi yake peke yake. Hakuna anayeuliza aanze kutazama wapi.

Sasa ufanye nini. Chukua karatasi, chora vijisanduku vya ukubwa wa kiberiti, vyenye umbo lilelile la ubao wako. Ndani ya kila kimoja pangilia picha kwa makaa au kalamu nene, ukitumia viwango vitatu tu: cheupe cha karatasi, kijivu, na cheusi. Usichore kitu chenye jina, panga madoa. Doa jeupe, dogo, la pembetatu: hilo tanga. Ukanda mweusi nyuma yake: mikoko. Kijivu: mbingu na maji ya mbali. Cheusi tena chini: maji yaliyoingia kivulini. Kisanduku kimoja kisikuchukue muda wa kikombe cha chai kupoa. Jaza ukurasa. Kimojawapo kitakuvuta ukiwa umesimama mbali, hicho ndicho utakachokihamishia ubaoni. Wanafunzi wangu wengi huiruka hatua hii kwa kuona ni mchezo wa watoto, kisha hutumia wiki nzima kurekebisha kwa rangi jambo ambalo makaa yangelimaliza asubuhi moja.

Ubao wako una faida ambayo wachoraji wa turubai jeupe hawana. Mti mkuukuu wa chombo una rangi ya kati yenyewe. Usiupake wote. Uache mti uwe kijivu chako, uongeze giza na mwanga peke yake, na pale mti unapoonekana katikati ya rangi, picha itashikana bila jitihada. Ila hakikisha umeuosha kwa sabuni na kuupiga msasa kwanza. Mbao za vyombo zimenyweshwa sifa, yale mafuta ya samaki, miaka na miaka, na akriliki haipatani na mafuta; itabanduka kama magamba mteja akishafika kwao. Paka rangi ya msingi iliyo wazi, isiyo na weupe, ili mti ubaki kuonekana.

Tena ubao wa jahazi ni mrefu na mwembamba. Usipambane nao. Mafundi wa nyumba za mawe walikubali kipimo cha boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vyenu vya zamani ni virefu na vyembamba, na mapambo yao wakayapanga kwa umbo hilo. Mkondo, ukanda wa Manda na chombo kinachopita ni mambo marefu ya kulala. Yanakaa kwenye ubao huo bila kukunjwa. Ngome ni kitu cha kusimama, kizito, kinataka ubao wa mraba. Ipe siku yake.

Jahazi likae wapi? Utakuwa umesoma kuhusu theluthi: gawanya ubao mara tatu kwa urefu na mara tatu kwa upana, uweke kitu chako mistari inapokatana. Ni ushauri wa zamani, Mwingereza John Thomas Smith aliuandika mwaka 1797 akizungumzia picha za mandhari. Mimi siupingi, ila siuamini kama watu wanavyouamini. Katikati si dhambi. Mlango wa nakshi unakaa vizuri katikati kabisa, kwa sababu mlango umetulia na pande zake mbili zinalingana. Chombo kinakwenda, na kitu kinachokwenda kinataka maji mbele yake. Acha nafasi kubwa mbele ya omo kuliko nyuma ya tezi. Lako omo linakaribia kugonga ukingo wa kushoto, na mtazamaji anatoka nalo nje ya picha kabla hajaona kingine.

Kuna mistari ya kushikilia hapo. Mlingoti wa jahazi haukusimama wima, umeinamia mbele, nawe umeuchora sawasawa. Foromali, ule mti unaobeba tanga, nayo imelala mshazari, na ukingo wa tanga unashuka mshazari mwingine. Mistari mitatu ya namna hiyo ina nguvu ya kulisukuma jicho kuliko kitu chochote ubaoni. Jiulize inalisukuma kwenda wapi. Kwako inalitupa nje, kona ya juu kushoto, mahali ambapo hapana kitu. Geuza chombo, au kisogeze kulia, ili mshazari ule uingie ndani ya picha. Ukikigeuza usisahau upepo. Sasa hivi tanga lako limejaa kuelekea kushoto huku makuti ya minazi yanapeperukia kulia. Mtu wa bara hataliona. Nahodha yeyote wa Lamu ataliona kabla ya salamu. Hiyo ndiyo maana ya umoja kwa mchoraji: upepo mmoja, mwanga mmoja, saa moja ya siku. Vitabu hulitumia neno hilo kwa mambo makubwa zaidi, lakini ukivitunza hivyo vitatu, mengine hujileta.

Mizani watu huielewa kuwa pande mbili zilingane. Zikilingana ni sawa, kama kwenye mlango, lakini si lazima. Kitu kidogo chenye ukinzani mkali kina uzito wa kitu kikubwa kilichofifia. Tanga dogo jeupe upande mmoja linaweza kusimama dhidi ya nusu ya ubao ya giza tupu. Umbo la mtu nalo lina uzito usiolingana na ukubwa wake, maana sisi binadamu tunatafutana hata kwenye picha. Mwanamke wako wa buibui akiwa mweusi juu ya ukuta mweupe atamshinda jahazi, hata awe mdogo namna gani. Mweke ndani ya kivuli cha nyumba, weusi juu ya weusi, aonekane ukingo wa bega tu. Atakuwa zawadi ya yule aliyesogea karibu.

Kuhusu nafasi tupu nakupa kazi ya kwenda kufanya. Tafuta mlango wa zamani huko mtaa wa Mkomani, usimame upande wa pili wa kichochoro. Tazama fundi alichonga wapi: kizingiti cha juu, miimo ya kando, na mfaa wa katikati. Kisha tazama alipoacha. Mbao zenyewe za mlango mara nyingi hazina nakshi, na ukuta wa nje ni chokaa tupu kuanzia chini hadi juu. Mkono uliochonga ule mfaa ungeweza kujaza mlango mzima. Uliachia makusudi, na kwa kuwa kuna pa kupumzikia, nakshi inaonekana. Kwenye picha yako hakuna shubiri moja isiyo na kitu. Hata mbinguni umeweka ndege.

Ukipata mwenyeji akakuingiza ndani, tazama zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Tundu moja, umbo moja, limerudiwa safu kwa safu katika plasta nyeupe, na rangi pekee ni kivuli kilichomo ndani ya kila tundu. Hapo kuna mdundo wote unaouhitaji. Kitu kinarudi, jicho linazoea, kisha kunakuja badiliko dogo, nakshi juu ya tundu au ukingo uliopinda, nalo linapendeza kwa sababu ulikwisha kuzoea. Badiliko lisilo na marudio ya kulitangulia ni fujo, na marudio yasiyo na badiliko ni ukuta wa bafu.

Nikirudi kwa punda. Mwaka 1923 mtaalamu wa saikolojia aitwaye Max Wertheimer alieleza kwa michoro ya nukta na mistari jinsi jicho linavyokusanya vitu: vilivyo karibu huonekana kundi moja, vinavyofanana huonekana kundi moja. Punda wako umewatawanya, mmoja kushoto, mmoja katikati, mmoja mlangoni, kwa hiyo kila mmoja anadai kuhesabiwa. Wasogeze pamoja, mmoja amfunike mwenzake nusu, wote wawe kivulini, na mwanga uguse mgongo mmoja tu. Sasa si punda watatu tena, ni doa moja lenye masikio. Fanya hivyo hivyo kwa mashua ndogo zilizofungwa kando ya gati. Kwa njia hii vitu saba vinaweza kubaki vitatu bila ya kumfukuza mtu.

Uwiano sina mengi. Ngome, mnazi na jahazi kwako vina kimo kimoja. Kiwe kimoja kikubwa bila ubishi, kimoja cha wastani, na vingine vidogo.

Rangi nimeiweka nyuma kwa sababu ndiyo inayowapoteza wengi, na wewe umeniambia kwa picha yako kwamba tyubu zote ulizonazo umezifungua. Katika karne ya 19 mkemia Mfaransa Michel-Eugène Chevreul alikuwa msimamizi wa upakaji rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, kinachofuma mazulia ya ukutani. Wafumaji walilalamika kwamba uzi mweusi umepauka. Akaupima, akakuta uzi hauna kasoro. Ulionekana umepauka kwa sababu ulifumwa kando ya buluu na urujuani. Rangi ya jirani ndiyo iliyoubadilisha machoni. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1839, na hakuna mchoraji aliyepata kuyakwepa tangu hapo. Kwa hiyo tanga lako likikataa kuwa jeupe, usiongeze nyeupe. Badilisha lililo kando yake. Krimu yenye chembe ya manjano, ikikaa mbele ya mikoko ya kijani kibichi kinachoelekea buluu, itawaka kuliko nyeupe safi ya kwenye tyubu.

Kwa ubao unaokuja, tumia nyeupe, buluu ya ultramarini, manjano ya udongo na kahawia iliyokolea. Basi. Buluu na kahawia zikichanganywa zinakupa weusi wenye uhai, unaoweza kuusogeza upande wa baridi au wa joto, kuliko weusi wa kununua. Manjano na buluu zitakupa kijani cha mikoko, kisichopiga kelele. Ukiwa na hamu ya machungwa, tia tone moja mahali pamoja, karibu na tanga, uone linavyofanya kazi dhidi ya buluu yote iliyobaki. Kwingine kote ujinyime.

Sasa swali lako la pili. Picha ya kwenye intaneti ina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda kazi ya msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na picha za kamera nazo zina ulinzi. Kuigeuza picha ya mtu kuwa rangi juu ya ubao hakukupi umiliki wake. Itazame ujifunze jinsi maji yanavyochukua kivuli, kisha uifunge, ushuke pwani. Una gati dakika chache kutoka kitandani. Kuna wachoraji Nairobi wangekuonea wivu.

Nakshi ya mlango ni jambo jingine. Maua, majani na minyororo ile ni mali ya watu wengi, imepita mikono mingi, na ipo tangu 2016 sheria nyingine ya Kenya inayolinda sanaa za jadi kwa niaba ya jamii zenyewe. Wewe ni mtoto wa jamii hiyo, umo ndani. Lakini hujaniuliza kuhusu mahakama, umeniuliza kama kazi itakuwa yako, na hapo inategemea umechukua nini. Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa khati na mchongaji nakshi. Nakshi za maua hazikuanza naye. Lililokuwa lake ni kujua ziende wapi, zikomee wapi, na mstari wa maandishi upewe pumzi kiasi gani kando ya pambo.

Kwa hiyo usipige chapa. Piga hodi kwa jirani, ukae mbele ya mlango na penseli. Tafuta kipande kinachojirudia, uchore kimoja tu, kwa jicho. Kisha nenda kwenye kona, pale nakshi ya mwimo inapokutana na ya kizingiti. Kona ndiyo inayoonyesha akili ya fundi: je, ua limekatwa, limegeuzwa, au fundi ameweka umbo jingine la kuziba? Kuna milango ambayo kona moja imetatuliwa tofauti na mwenzake, na hapo unamwona mtu mzima akiwaza na patasi mkononi. Ukishaelewa kona, ufunge daftari, urudi nyumbani, utunge pindo lako kwa utaratibu uleule lakini kwa umbo jingine. Jani la mkoko, kwa mfano, au pezi la samaki. Itakayotoka itakuwa na ukoo, na itakuwa yako.

Mlango wako wa nakshi wa sasa utoe kwenye picha ya jahazi. Umeuchora vizuri mno kuwa msindikizaji. Upe ubao wake, katikati kabisa, ukuta mtupu pande zote mbili, bila punda hata mmoja.

La mwisho ni jina lako. Umeliandika kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, kona ya chini kulia, na ukifinya macho ni la pili kuonekana baada ya lile tumbo la punda. Herufi huvuta macho kuliko wachoraji wanavyodhani. Mtu anayejua kusoma hawezi kujizuia. Liandike dogo, kwa rangi ambayo tayari imo pale kwenye ubao, limekolea kidogo tu kuliko kinacholizunguka. Jina kamili, mwaka, na jina la chombo mti ulikotoka kama unalijua, viandike nyuma kwa wino usiofutika. Wanaonunua mbao za majahazi huzigeuza kutazama nyuma kabla ya kuuliza bei.